Mshale wa Jumapili

Radi iliyopiga mtaani kwetu Chanji mwezi wa tatu haikuua mtu wala mbuzi. Iliunguza kompyuta yangu. Ilikuwa mchana, mvua bado haijaanza, mimi niko shuleni nasimamia mtihani wa majaribio, na waya nilikuwa nimeuacha kwenye soketi. Niliporudi nilikuta harufu ya plastiki iliyoungua, na jirani yangu Mwanamvua amesimama mlangoni kwangu na maswali yake.

"Mama Lydia, umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu."

"Radi haichagui nyumba moja mtaa mzima bila kutumwa. Fikiri vizuri."

"Labda mkuu wa shule. Lakini yule hata jiko la mkaa linamshinda kuwasha. Radi ataiwezea wapi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Familia ya Mwanamvua ina duka la vitambaa sokoni tangu lami haijafika Sumbawanga, na mpaka leo akisikia ngurumo anahesabu maadui. Mimi nilizaliwa kijijini Mwimbi, nikasoma stashahada ya ualimu, nafundisha jiografia. Radi ni umeme. Ukiunguziwa kitu unatafuta waya, hutafuti mchawi.

Niliifunga kompyuta kwenye shuka, nikapanda bodaboda nayo mapajani mpaka kwa fundi Hamidi, karibu na stendi. Aliifungua, akanusa kwanza kama mtu anayeonja mboga.

"Diski imekufa, Mwalimu. Na sehemu inayopokea umeme. Vingine vizima."

"Badilisha."

"Nitabadilisha. Ila safari hii nikuwekee Windows, maana kila mtu anayo."

"Mimi si kila mtu. Weka ile aliyoniwekea Lydia."

"Ubuntu? Mwalimu, ile itakusumbua. Mambo mengine haikubali mpaka uandike amri kwa mkono."

"Nafundisha kidato cha pili B, Hamidi. Kusumbuliwa nimezoea."

Akaiweka. Nikarudi nayo nyumbani, ikawaka vizuri, safi, tupu kabisa kama nyumba iliyohamwa. Mitihani yangu ilikuwepo kwenye flashi, kwa hiyo kazi haikupotea. Kilichopotea kilikuwa mshale.

Lydia ni mwanangu wa pekee. Yuko Arusha, anaangalia kompyuta za kampuni moja ya utalii. Baba yake alifariki Lydia akiwa bado sekondari, na tangu Lydia aondoke nyumba hii ina mtu mmoja. Kabla hajaondoka aliniwekea programu ya kumwezesha kuingia kwenye kompyuta yangu akiwa huko huko aliko. Jumapili nikitoka misa ya kwanza nilikuwa nawasha mashine, naiunganisha na simu ipate mtandao, napika chai, nakaa. Baada ya muda mshale ulianza kutembea wenyewe kwenye kioo.

Ukiuona mara ya kwanza unaweza kukimbia. Mwanamvua alikimbia.

Ulikuwa unatembea kama Lydia anavyotembea. Haraka, halafu unasimama ghafla, halafu unarudi ulikotoka kama umesahau kitu. Ulipanga mitihani yangu, ulifuta takataka, ulinyoosha pambizo ambazo mimi zimenishinda tangu zamani. Siku nyingine alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, herufi zikawa zinatokea moja moja, na mimi nakunywa chai nikimtazama anafanya kazi, kama nilivyokuwa namtazama akifua sare zake uani. Hatukuzungumza. Alikuwepo tu, na mimi nilikuwepo.

Simu si kitu kimoja na hicho. Kwenye simu Lydia yuko njiani sikuzote. Namsikia anahema, nasikia honi, nasikia watu wanamwita. "Mama shikamoo, mzima? Nitakupigia baadaye." Kwenye mashine alikuwa amekaa chini.

Nilipompigia kumwambia kompyuta imepona, alikuwa njiani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mashine inawaka. Jumapili utaingia?"

"Ile programu imekwenda na diski, mama. Sasa sikiliza. Nitakutumia amri kwa WhatsApp, uziandike mwenyewe. Ni chache tu. Programu ya kuchapia, fonti, na printa. Ukishajua hutahangaika kunisubiri mimi kila wiki."

"Na ile ya kwako?"

"Ya nini tena, mama? Si utakuwa unafanya mwenyewe? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hakai kusubiri kufanyiwa."

Ni kweli nilimfundisha hivyo. Nilimwambia akiwa mdogo, amekaa kwenye ngazi anangoja nimfunge kamba za viatu. Akajifunga.

"Haya. Zitume."

Jumamosi nilifungua dirisha jeusi. Mwanamvua alikuwa amekuja na mahindi ya kuchoma, amekaa kwenye kochi, miguu ameikunja, anataka kuona. Kwenye weusi ule kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi, na mwishoni kistari kinapepesa. Kinawaka, kinazima. Ndivyo kilivyokuwa kinafanya Jumapili zile Lydia akisita kidogo kabla ya kuandika. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Niliandika: Lydia hujambo. Nikabonyeza Enta.

Mashine ikajibu hapo hapo, kwa Kiingereza.

"Imesema nini?" Mwanamvua akauliza.

"Imesema haijui amri inayoitwa Lydia."

"Hata mimi siijui. Yule mtoto lini aliamrishika?"

Nilimwambia ale mahindi yake. Nikafungua simu, nikaandika amri ya kwanza kama ilivyo: sudo apt update. Ikadai paswedi. Nikaandika ile aliyonipa Hamidi, na hakuna kilichotokea. Si herufi, si nyota, hata kile kistari hakikusogea. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, bado kimya. Nikajua kibodi nayo imepigwa na radi. Nikampigia Hamidi, nikaweka spika.

"Fundi, umenirudishia kibodi mbovu."

"Unaandika paswedi?"

"Ndiyo. Haiandiki."

"Inaandika, Mwalimu. Inapokea kila herufi, ila haionyeshi. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enta, tulia."

"Namjua mtu wa namna hiyo," Mwanamvua akasema kutoka kwenye kochi, ananitazama mimi.

Niliandika mpaka mwisho. Ikakubali. Maandishi yakaanza kupanda kioo, mstari juu ya mstari, mengine yanapita kabla sijayasoma. Amri ya pili ilikuwa ya programu ya kuchapia: sudo apt install, halafu jina la programu. Ikahesabu, ikafikiri, ikauliza kama iendelee, ikaniwekea herufi mbili nichague, Y na n. Nikabonyeza n, ya ndiyo. Ikaacha kila kitu.

"Mbona imenuna?"

"Nimeikubalia, ikakataa."

"Labda hukuikubalia vizuri."

Nilirudia, safari hii nikasoma kwanza. Nimesahihisha wanafunzi wangapi kwa kosa la kujibu kabla ya kusoma swali! Nikaweka Y. Ikaendelea, na mstari wa alama ukaanza kujijaza chini pale, taratibu, kwa sababu mtandao wa mtaa huu mvua ikikaribia unachechemea.

"Inafanya nini sasa?"

"Inaleta vitu kutoka mbali."

"Arusha?"

"Mbali kuliko Arusha."

Mwanamvua akatupa gunzi kwenye ndoo. "Basi," akasema, "mbali si tatizo."

Jioni ilipokaribia kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilifungua mtihani wa kidato cha kwanza, nikauchapa, printa ikatoa karatasi safi. Nikapiga picha ile karatasi nikamtumia Lydia. Akajibu: "Hongera mama!!" na kidole gumba. Nilikaa nikitazama kidole gumba kile. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri, na kwa kuifanya vizuri nilikuwa nimefunga mlango.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza kama kawaida. Ilikuwa Kwaresma, altare haina maua, na nje upepo wa huku juu unaingia kwenye mikono ya sweta hata jua likiwaka. Nilifika nyumbani, nikawasha mashine. Sijui kwa nini niliiwasha, hakukuwa na kazi. Nikapika chai. Mshale ulikuwa katikati ya kioo, umesimama. Nikausogeza kidogo na kipanya, ukaenda nilikoupeleka, ukasimama tena. Unakwenda unakopelekwa. Hauna mwendo wake.

Nilikunywa chai, nikaosha kikombe. Nikapika ugali, nikaukadiria vibaya, ukabaki. Tangu Lydia aondoke nakadiria vibaya. Mtu aliyesoma chuo hashindwi kipimo cha unga, ila mkono una kumbukumbu yake. Mchana nilifagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Jumapili iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na nyingine.

Pasaka Lydia hakuja. Wageni wa kampuni yao huwa wengi siku hizo. Mwanamvua, ambaye Pasaka si yake, aliniletea sahani ya pilau iliyofunikwa, akakaa.

"Mpigie," akasema.

"Nimpigie nimwambie nini? Mashine inafanya kazi."

"Iharibu."

"Mwanamvua."

"Unachomoa waya mmoja tu huko nyuma. Unampigia, 'Mwanangu, imekufa tena.' Mbona mimi mwanangu Shamsi akichelewa kuja kuniona naumwa mgongo? Na mgongo wangu mzima kama nguzo ya umeme."

"Mimi siharibu kitu kizima. Na simdanganyi mtoto."

"Basi kaa na kitu chako kizima," akasema, akachukua sahani yake.

Alikuwa amenikasirikia, na nilijua kwa nini: nilikuwa kama nimemwita mwongo. Baada ya yeye kuondoka nilikaa nikawaza kama mtu mwenye akili timamu. Nataka nini? Nataka Lydia aingie. Kinachomzuia ni nini? Programu haipo. Nani anaweza kuiweka? Hapo niliinuka nikawasha mashine.

Jina la programu nilikuwa nalijua, nimeliona juu ya dirisha Jumapili zote zile. Niliandika sudo apt install na jina lake, nikabonyeza. Ikasema haipo kwenye ghala lake. Nikampigia Hamidi, akaniambia hiyo haikai kwenye ghala la kawaida. Niingie kwenye tovuti ya wenyewe, nishushe faili, halafu niielekeze amri ya apt kwenye faili lile lile. Nikaingia, nikalishusha. Bando likaliwa nusu. Nikaandika amri na jina la faili, herufi kwa herufi. Ikasema haioni faili lolote la jina hilo.

Lipo, nikaiambia kwa sauti. Nimeliona likishuka kwa macho yangu.

Nilirudia, ikakataa. Nilikunywa maji, nikarudi, nikausoma mstari ule wa mwanzo ambao siku zote nilikuwa naupita. Ulikuwa unaniambia nilipo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye folda moja, faili liko kwenye nyingine. Ni sawa na mtu aliye jikoni anayetafuta ndoo iliyo uani, halafu analaumu ndoo. Mashine haikutafutii. Lazima utembee wewe mpaka kilipo. Niliandika cd na jina la folda ya vilivyoshushwa, mstari ukabadilika, nikajua sasa nimeingia chumba kile. Nikaandika tena. Ikadai paswedi, nikaiandika gizani bila wasiwasi. Ikauliza, nikajibu Y. Ikajaza mstari wake mpaka mwisho.

Dirisha likafunguka na namba ndefu ya mashine yangu. Nikamtumia Lydia ile namba peke yake, bila maneno.

Alipiga mara moja. Alikuwa njiani.

"Mama, hiyo si... umeiweka mwenyewe?"

"Nimeiweka."

"Uliweza? Ile inashushwa pembeni, ina folda zake..."

"Nilikuwa nimesimama kwenye folda isiyo yake, nikahama. Jumapili uingie."

"Sawa, mama, lakini kuna nini? Kitu gani kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika."

"Printa?"

"Inachapa."

"Sasa mama, niingie kufanya nini?"

Nyuma yake kulikuwa na pikipiki na mtu anauza kitu kwa kipaza sauti. Nilitaka kusema pambizo. Pambizo bado zinanishinda, isingekuwa uongo. Lakini isingekuwa jibu pia. Kwetu Mwimbi mtu akifika kwako, anachuchumaa, anapiga makofi ya salamu, mnaulizana habari za nyumbani na za mashamba, halafu anakaa. Ukimuuliza kilichomleta atakwambia hakuna, nimekuja kuwasalimu. Anakaa mpaka kivuli kinahama, anaaga, anaondoka. Hakuna anayeona ajabu. Huyu mtoto alizaliwa mjini, hayo ameyaona likizo tu.

"Ukae," nikasema.

"Nikae?"

"Uingie ukae. Usifanye kitu."

Zile pikipiki ziliendelea kupita. Nadhani alikuwa amesimama, maana sikumsikia akihema.

"Sawa, mama," akasema. Halafu mtu akamwita na simu ikakatika.

Jumapili niliwasha mashine, nikapika chai, nikakaa. Mshale ulikuwa katikati. Chai ikapoa. Mwanamvua akapita nje, akachungulia dirishani, akaniona, hakusema hodi. Aliendelea na safari yake, jambo ambalo kwa Mwanamvua ni adabu kubwa. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa, na nikafikiri kuchomoa waya. Akili ilisema chomoa. Sikuchomoa.

Kikasanduku kikatokea kwenye kioo kikiuliza: kuna mtu anataka kuingia, unamruhusu?

"Karibu," nikasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, nikabonyeza kukubali.

Mshale ukatikisika. Ukaenda pembeni haraka, ukasimama ghafla, ukarudi ulikotoka. Ukazunguka zunguka kidogo kama mtu aliyeambiwa akae na haoni kiti. Ukafungua faili la mitihani, ukalifunga. Kisha ukaenda kwenye dirisha jeusi, ukalifungua, na kistari kikapepesa muda mrefu.

Herufi zikaanza kutokea moja moja: shikamoo mama.

Mashine ikamjibu kwamba haijui amri inayoitwa shikamoo.

Nikavuta kibodi. Niliandika: marahaba mwanangu. Ikasema marahaba nayo haijui.

Akaandika: nimekuja kusalimia tu. Ikakataa. Nikaandika: karibu ukae. Ikakataa. Kila tulichoandika ilikirudisha na Kiingereza chake, na sisi tunaendelea, mstari wake, kukataliwa, mstari wangu, kukataliwa, kioo kikajaa. Aliuliza habari za Mwanamvua, nikamwambia mzima, mgongo kama nguzo. Nikamuuliza kama anakula. Akasema anakula. Nikamuuliza kama pale alipo kuna baridi. Kistari kikapepesa. Akaandika: kidogo mama, ila nyumba ni kimya sana. Mashine haikuijua hiyo pia. Nilikaa. Naye alikaa. Mshale ulikuwa umetulia kando ya neno lake la mwisho, na nilijua hautasogezwa na mimi.

Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali. Herufi zikaanza tena: umepika

Hapo zikaishia. Kikasanduku kikasema muunganisho umekatika. Labda mtandao wetu, labda wake, labda bando. Nilisubiri. Nilitazama simu, haina mstari hata mmoja wa mtandao. Matone yakaanza kupiga bati.

"Maharage," nikasema.

Nilipaswa kuzima na kuchomoa waya, na nilichomoa, maana mimi si mjinga mara mbili. Kompyuta ile ina betri ya pembeni siku hizi, Hamidi aliniwekea, kwa hiyo kioo kiliendelea kuwaka kidogo na mvua ikiwa imefunika mtaa mzima. Mshale ulikuwa pale pale alipouacha. Kipanya kilikuwa karibu na mkono wangu. Sikukigusa. Nilikaa nao mpaka betri ikaanza kulia, nikaizima.

Jumatatu kulikuwa na mtihani wa kidato cha pili B wa kuchapa. Nikawasha, mshale ukatokea katikati. Nikaushika nikaanza kazi.